UZI: Tunatunga kichekesho cha wanawake jeshini, na Kapteni ndiye mama mkwe wa Koplo

KALAMU YA MENENGAI (mwenye uzi)

Wana jukwaa, hamjambo.

Kikundi chetu cha maigizo hapa Nakuru kimekubaliana kutunga mchezo wa kuchekesha kuhusu wanawake walio jeshini. Ni mchezo wa jukwaani. Tutauonyesha hapa mjini kwanza, kisha tuushushe Kisumu, na tukijaliwa tufike Kakamega. Nafungua uzi huu kabla ya mazoezi kwa sababu humu ndani wamo waliovaa magwanda, wamo walimu wa maigizo ya shule, na wamo wazee wanaojua mila. Nawahitaji nyote.

Nitoe msimamo wangu mapema. Wakenya tumecheka mahakama, tumecheka polisi, tumecheka bawabu, tumecheka chifu na baraza lake. Mwanajeshi mwanamke, kila nilipomwona kwenye kichekesho cha jukwaani, alikuwa anafanya moja kati ya mambo mawili: analia kwa sababu kucha imevunjika, au amepaka rangi ya midomo kwenye gwaride na sajini anafura kwa hasira. Watu wanacheka, pazia linafungwa. Kichekesho hicho sikitaki. Kinawavunjia heshima dada zetu, na juu ya hayo hakina nguvu: ukishacheka kucha mara moja, hadithi haina tena pa kwenda.

Sisi wa Nakuru tunaishi na hawa watu. Chuo cha maofisa kiko Lanet, kambi ya Kenyatta iko Gilgil. Unapanda matatu, unakaa kando ya binti mmoja, mgongo umenyooka, mkoba umelazwa magotini, na kondakta anamrudishia chenji yake bila kuulizwa mara ya pili. Watu wa aina hii wana vituko vyao, tena vingi, na vinatokana na ukweli kwamba wanaijua kazi yao vizuri sana.

Basi mchezo wetu ni huu. Kuna kambi ya kubuni. Kuna Koplo, kijana wa Vihiga, hodari wa kwata, fahari ya kikosi. Ametoka kutoa mahari Butere kwa binti aliyempenda. Anahamishiwa kambini Kapteni mpya, mwanamke, mkali wa usafi na nidhamu. Asubuhi ya kwanza anakagua gwaride. Anafika mbele ya Koplo, na Koplo anamtambua: ni mdogo wake mama wa mkewe. Kwa maneno mengine, ni mama mkwe.

Wenye kwao Magharibi wameshashika kichwa. Kwa wengine nieleze. Kimila, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kupishana. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Hawapeani mkono, hawali chumba kimoja, hawatazamani usoni. Jeshi nalo linasema simama wima, tazama mbele, usipepese, na mkaguzi asogee mpaka aone uzi uliolegea kwenye kifungo chako. Koplo ana sheria mbili, zote za kweli, na zinamtaka afanye mambo mawili kwa wakati mmoja.

Anafanyaje? Kila siku ya ukaguzi anaomba lindo la mbali. Anajitolea kuchimba mitaro. Anaomba zamu ya usiku. Wakubwa wanaona bidii ambayo hawajawahi kuiona kwa koplo yeyote, wanampendekeza apandishwe cheo. Atavishwa tepe ya tatu mbele ya kambi nzima, na wa kumvisha kwa mkono wake ni Kapteni.

Hapo ndipo tulipofika. Nisaidieni.

KINYOZI WA SECTION 58

Dada, hadithi imenoga. Swali langu moja: nani ataamini? Kapteni mwanamke awapigie wanaume amri na wote wanyamaze? Na mimi bado nasema kidogo cha rangi ya midomo kiwepo. Watu wanakuja kucheka, hawaji darasani.

KALAMU YA MENENGAI

@Kinyozi, ataamini kila mtu anayesikiliza habari. Fatuma Ahmed aliingia jeshini mwaka 1983. Mwaka 2015 akawa Brigedia, mwanamke wa kwanza nchini kufika hapo. Mwaka 2018 akawa Meja Jenerali. Mwaka 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga, lote zima, marubani na mafundi wake. Kapteni wangu ana cheo kidogo sana ukilinganisha na huyo. Tukimwandika anayeshindwa kuamrisha kikosi, watazamaji ndio watakaotushangaa.

Kuhusu rangi ya midomo nakujibu bila kukukasirikia: hapana.

SAJINI MSTAAFU

Nimesoma na nimeona niingie. Mimi niliajiriwa wakati wanawake tulikuwa na kikosi chetu peke yetu. Kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kikavunjwa 1999, tukaingizwa kwenye vikosi pamoja na wanaume. Kwa hiyo nimeonja pande zote mbili.

Mkitaka vichekesho anzeni na sauti. Amri ya kwata haitoki kooni, inatoka tumboni. Msichana aliyefundishwa tangu utotoni aongee polepole mbele ya wageni anaambiwa sasa apaaze sauti mpaka ng'ambo ya uwanja. Wengine walikuwa wanafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Tulikuwa tunapelekwa ukingoni mwa uwanja, tunaambiwa ile mikaratusi kule ndiyo kikosi chako, iamrishe.

Sasa sikilizeni. Kambi moja ambayo sitaitaja ilikuwa na mwalimu wa kwata mwanamke. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kali, inapasua ukungu. Ng'ambo ya ua wa seng'enge alikuwa anachunga kijana mdogo wa darasa la nne au la tano hivi, na kila siku alimsikiliza. Sauti za walimu wanaume asingeziweza, zilikuwa nzito mno kwake. Hii ya mama alijipatia sawasawa, mpaka ile namna yake ya kuvuta neno la kwanza na kukata la pili. Akawa anaamrisha ng'ombe.

Asubuhi moja tunapiga kwata, tunaelekea upande wa ua. Tukasikia, "Nyumaaa... geuka!" Tukageuka wote, kwa pamoja, safi kabisa. Mwalimu wetu alikuwa amesimama palepale, mdomo umefungwa. Akatazama kikosi kikienda zake. Ikaja tena, "Kikosi... simama!" Tukasimama. Ng'ombe nao walikuwa wamesimama.

Yule mwalimu hakucheka. Alitembea mpaka uani, akamwita mtoto, akamrekebisha: "Geuka unaikata mapema. Subiri mguu wa kushoto uguse chini." Kisha akarudi kuendelea na sisi. Mimi nilimpenda mama yule kuanzia siku hiyo, na kichekesho chenu kikimpata mtu wa namna ile mtakuwa mmefaulu.

KALAMU YA MENENGAI

Afande, mkono wangu unatetemeka ninapoandika. Hiki ndicho nilichokuwa natafuta na sikujua nikielezeje. Kijana wa ng'ombe anaingia kwenye mchezo, kwa ruhusa yako. Na angalieni: kinachochekesha ni kwamba kikosi kimemtii mwalimu wake kupita kiasi. Kimezoea sauti yake hata kikiamriwa na mtoto kinageuka.

Swali: mabuti yalikuwaje?

SAJINI MSTAAFU

Mabuti ni aya fupi. Yalikuja makubwa, tukatia soksi juu ya soksi na karatasi mbele. Ukigeuka, mguu unageuka kwanza, buti linafuata. Kiwi tulipaka mpaka usiku. Mengine mtajaza.

OMWANA WA LURAMBI

Mulembe nyote. Kuna sehemu mmeiruka, siku ya kuandikishwa. Bila uwanja wa kuandikisha makuruta hakuna mchezo wa jeshi nchi hii.

Mnajua masharti: umri kati ya miaka 18 na 26, urefu mita 1.60, uzito kilo 50 kwa wasichana na zaidi kidogo ya 54 kwa wavulana. Mwanamke asiwe mjamzito. Meno yanatazamwa, nyayo zinatazamwa, vyeti vinatazamwa.

Binamu yangu alikuwa mrefu kupita wengi, mwembamba. Nyumbani walimpima kwenye mizani ya duka la mahindi, akakosa kilo. Kukhu, yaani nyanya yake, akasema hilo ni jambo dogo. Usiku kucha akamlisha ndizi mbivu na uji, alfajiri akampa maji kwa kibuyu. Mtoto anatoka nyumbani anatembea taratibu, mkono tumboni, hataki hata kucheka.

Wanafika uwanjani, tangazo linatolewa: mbio kwanza, mizani baadaye.

Kukhu alikuwa nje ya ua na wazazi wengine. Filimbi ilipolia wote walianza kushangilia watoto wao, "Kimbia! Kaza!" Yeye peke yake alikuwa anapiga kelele, "Usitoe jasho! Mjukuu wangu, usitoe jasho, unamwaga kilo!" Na ndizi nazo tumboni zimechemka. Binamu alikimbia kuliko alivyowahi kukimbia maishani, kwa sababu kilichokuwa kinamsukuma hakikuwa jeshi. Akamaliza na wa mbele. Mlango wa choo akauona, akaupita, machozi yanamtoka, akaenda kusimama kwenye foleni ya mizani.

Mshale ukagusa hamsini. Afande anatafuta kalamu. Binamu akasema, "Afande, andika haraka." Afande akamwambia atulie. Akasema, "Nimetulia, lakini andika haraka."

Aliandikishwa. Kukhu mpaka leo anahesabu kwamba ni yeye aliyeandikishwa.

NYAR KIBUYE

Uuuwi! Nimecheka mpaka mteja ameondoka na sketi bila kulipa, nikamkimbilia. Huyo Kukhu mumweke kwenye mchezo la sivyo siji.

Sasa mimi niko Kisumu na nauza mitumba, nina jambo la nguo. Mtavaa nini? Maana msije mkatafuta jangle, zile nguo za madoa za jeshi, kwa sababu mchezo ni wa jeshi. Hapa Kibuye hata bunda likifunguliwa na ndani imo koti la madoa ya kijani, tunalitoa hatutaki kesi.

SAJINI MSTAAFU

Nyar Kibuye amesema kweli, na ninawaomba mlichukulie kwa uzito. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012 inakataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo za kufanana nazo bila idhini. Kuwa mwigizaji hakukupi idhini. Mkitaka sare halisi, ombeni kwa maandishi mpewe kibali. Mkitaka amani, tungeni jeshi lenu na nguo zake.

KALAMU YA MENENGAI

Tutatunga. Kambi ni ya kubuni, jeshi liwe la kubuni pia. Nguo ya rangi moja ya udongo, isiyo na madoa, isiyofanana na ya kikosi chochote nchini. Beji ya kofia iwe ya kwetu.

NYAR KIBUYE

Beji tumieni sufuria, ni rahisi kushona.

KALAMU YA MENENGAI

Nyar Kibuye dadangu, sufuria ukiipandisha juu ya kichwa cha mwanajeshi mwanamke, kila atakachofanya chini yake kitasomwa jikoni. Nimefikiria heroe, ndege wa ziwa letu la Nakuru. Anasimama kwa mguu mmoja muda mrefu bila kuyumba. Anafaa kwa watu wa kwata.

NYAR KIBUYE

Heroe sawa. Nitashona hata hizo.

MWALIMU WA MAIGIZO, BUNGOMA

Nimefuatilia kimya. Nina hofu moja. Hawa dada wanakwenda mahali pa hatari. Meja Steplyne Nyaboga alitumikia Darfur, Sudan, na Umoja wa Mataifa ukampa tuzo ya 2020 ya wanajeshi wanaotetea usawa wa jinsia. Wengine wamezika wenzao. Je, tukicheka hatutawapunguza?

KALAMU YA MENENGAI

Mwalimu, nashukuru umeuliza. Tuna mpaka na tumeuandika kwenye ukurasa wa kwanza: vita havimo. Somalia hatuigusi. Shambulio la kambi yetu ya El Adde kule, Januari 2016, lilileta misiba kwenye nyumba nyingi za nchi hii, na mama wa aliyelala kule anaweza kuwa ameketi safu ya tatu. Hakuna mzaha wa risasi, hakuna mzaha wa kilema, hakuna mzaha wa jeneza.

Tunacheka maisha ya kambini na ya nyumbani, pale mtu mwenye cheo anapokutana na shangazi zake.

SAJINI MSTAAFU

Niongeze. Sisi tulicheka sana. Mtu amechoka mpaka anasinzia akiwa amesimama, mwenzake akinong'ona neno moja kikosi kizima kinabanwa na kicheko, na kucheka kwenye gwaride ni kosa, kwa hiyo kicheko kinazidi. Usiku tunavua mabuti tunacheka tena kilekile. Wengi wangefunga virago bila hiyo. Msiogope kutuchekesha, muwe waangalifu tu mnachekea wapi.

MZEE WA AHERO

Nyathina, mwenye uzi, nakusalimu. Habari ya mkwe nimeisoma mara mbili. Kwetu Wajaluo pia mtu na maro wake, yaani mama mkwe, wana heshima yao, kwa hiyo mchezo huu utaeleweka Kisumu kama Kakamega. Naomba jambo moja. Usimfanye Koplo mjinga kwa kushika mila. Na usimfanye Kapteni mtu aliyesahau kwao kwa sababu ana cheo. Naye anaumia. Naye alilelewa hivyohivyo.

Nikupe njia. Watu wasioweza kuongea uso kwa uso huongea kwa mdomo wa mtu wa tatu. Hapo hakuna aliyevunja chochote. Weka mtu katikati.

KALAMU YA MENENGAI

Baba, asante sana. Ulivyosema kuhusu Kapteni ndivyo nilivyotaka awe: siku ya kwanza, akimtambua Koplo, yeye ndiye anayeruka hatua moja pembeni, na kikosi kinadhani ni mtindo mpya wa ukaguzi. Kesho yake maofisa wadogo wote wanakagua kwa kuruka hatua moja pembeni.

Na mtu wa katikati! Nimeshaiona. Wamesimama watatu, Kapteni, Koplo, na kuruta mmoja katikati, kila mmoja anatazama mbele.

"Kuruta, mwambie Koplo kola yake imepinda."
"Koplo, kola imepinda."
"Mwambie Kapteni nimeinyoosha."
"Kapteni, ameinyoosha."
"Mwambie bado."
"Bado."
"Mwambie sina kioo."
"Hana kioo."

MWALIMU WA MAIGIZO, BUNGOMA

Hofu imenitoka. Sasa nasema kama mtu wa jukwaa. Huyo kuruta wa katikati ndiye injini ya mchezo wenu. Mwanzoni anapeleka maneno kwa uaminifu. Baadaye anagundua kwamba hakuna anayeweza kuhakikisha alichosema, kwa sababu wenyewe hawaongei. Anaanza kuongeza kidogo. "Koplo, Kapteni anasema kola imepinda, na unikopeshe kiwi." "Kapteni, Koplo ameinyoosha, na anaona kuruta huyu anastahili ruhusa ya Jumamosi." Mpaka tendo la pili linapoisha, kuruta ndiye anaendesha kambi.

Na awe yule binti wa ndizi. Msitafute mhusika mwingine. Mtu aliyevuka mizani kwa akili ya nyanya yake atavuka na hapa.

OMWANA WA LURAMBI

Binamu akisoma hii atataka malipo.

KINYOZI WA SECTION 58

Mimi nimeanza kuona. Ila niambieni mwisho. Siku ya tepe inakuwaje? Kapteni anamgusa au hamgusi?

KALAMU YA MENENGAI

@Kinyozi, hamgusi. Tuna mapendekezo mawili kwenye kikundi. La kwanza, Kapteni anatumia kifimbo chake, tepe iko nchani, na Koplo anapiga magoti kidogo huku bendi ikipiga. La pili, Kapteni anamvisha kuruta, kuruta anamvisha Koplo, na kwa nukta chache kuruta ni sajini kamili kwa mujibu wa kanuni, naye anazitumia nukta hizo kutoa amri moja aliyoiota tangu siku ya kwanza: kikosi kipumzike. Mimi niko na la pili.

Lakini mchezo hauishii hapo. Unaishia nyumbani, Butere, kwenye kuku.

Wenyeji mnajua imondo. Firigisi ya kuku kwa Waluhya si kipande cha nyama tu. Kimila ni ya baba mwenye boma, au mgeni mwanamume wa heshima. Zamani wanawake hata kuku mwenyewe hawakumla. Sasa likizo ya Desemba, Kapteni anakwenda kwa dada yake mkubwa. Siku hiyohiyo Sajini mpya, yaani Koplo wetu, anakuja ukweni kuonyesha tepe. Kuruta amekuja na Kapteni kumbebea mzigo. Kuku amechinjwa mmoja. Imondo ni moja.

Baba mwenye nyumba ampe nani? Mkwe ni mgeni wa heshima, lakini shemeji yake huyu ni mkubwa wa huyo mkwe, na ndiye aliyesomesha nusu ya watoto wa boma. Nasubiri maoni.

OMWANA WA LURAMBI

Ampe mkwe. Mila ni mila.

NYAR KIBUYE

Ampe Kapteni! Aliyesomesha watoto ale imondo, hata mbili akitaka.

MZEE WA AHERO

Kwetu kuku ana mgawo wake pia, nawaachia Waluhya hili. Lakini baba mwenye nyumba asiaibishwe mbele ya wakwe. Atoe uamuzi yeye.

SAJINI MSTAAFU

Mimi nilirudi kwetu likizo ya kwanza na baba yangu, Mungu amlaze pema, alinipa imondo mbele ya kaka zangu. Hakusema neno. Aliiweka kwenye sahani yangu akaendelea kula. Kaka zangu walitazamana. Mama alitoka nje. Hilo nawapa kama lilivyo, sijui mtalitumiaje kwenye mchezo wa kucheka, lakini najua uzito wa ile nyama.

KALAMU YA MENENGAI

Afande, hilo nimelisoma nikaweka simu chini. Tutalitumia, na nitaeleza jinsi gani, maana limenifungulia mlango.

Baba anatoa uamuzi, kama mzee alivyosema. Anampa Kapteni. Kila mtu anashusha pumzi. Kapteni yuko sebuleni, Sajini yuko chumba cha nje kwa sababu hawawezi kula pamoja. Kapteni anatazama imondo, na anakumbuka kwamba kule nje yuko kijana aliyechimba mitaro ya kambi nzima ili asimkosee heshima. Anamwita kuruta. "Mpelekee Sajini. Mwambie ni kwa kazi yake."

Kuruta anabeba sahani. Sajini anaiona, anasimama wima. "Mrudishie. Mwambie siwezi kula chakula cha mkubwa wangu." Kuruta anarudi. "Mwambie ni amri." Anakwenda. "Mwambie hapa ni nyumbani, amri ni za baba mkwe." Anarudi. Baba mkwe anasema yeye alishaamua na hawezi kuamua mara mbili. Sahani inavuka ua, inarudi, inavuka tena. Kukhu, ambaye amealikwa na haijulikani na nani, ameketi katikati ya ua akimtazama mjukuu wake anavyopungua kwa kutembea, na anapiga hesabu za kilo.

Kukhu anamwonyesha kwa kidole: kula. Kuruta anasimama kwenye ua, katikati kabisa ya milango miwili. Anatazama kushoto, anatazama kulia. Anakula.

Kisha anaingia sebuleni, mguu sawa, anatoa heshima. "Kapteni, Sajini amepokea na anashukuru." Anatoka, anaingia chumba cha nje. "Sajini, Kapteni amekubali kuila, amesema umefanya vyema kuirudisha." Wote wawili wanafurahi. Kila mmoja ameheshimiwa na mwenzake. Baba anafurahi. Na imondo imeliwa na mwanamke mwanajeshi, katika boma la Butere, mchana kweupe.

MWALIMU WA MAIGIZO, BUNGOMA

Funga hapo. Usiongeze hata sentensi.

NYAR KIBUYE

Nimepiga vigelegele peke yangu sokoni. Mkija Kisumu tafuteni ukumbi wa Mama Grace Onyango. Ndiye aliyekuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa meya Kenya, na mbunge baada ya uchaguzi wa 1969. Imondo iliwe chini ya jina lake. Tutajaza viti, mniachie mimi kina mama wa Kibuye.

KALAMU YA MENENGAI

Tutaomba ukumbi huo. Afande Sajini Mstaafu, nakuomba hadharani: njoo Nakuru utufundishe kwata. Waigizaji wangu wanajua kuongea, hawajui kusimama. Nauli na malazi ni juu ya kikundi.

SAJINI MSTAAFU

Nitakuja. Walale mapema, wasinywe soda kabla ya zoezi, na yule atakayecheza mwalimu wa kwata anitumie sauti yake kwanza niisikie. Akiwa na sauti nene simtaki.

KINYOZI WA SECTION 58

Na mimi nina mchango. Makuruta wa kike hunyolewa siku ya kwanza. Hamuwezi kucheza kuruta mwenye rasta mgongoni, afande atawacheka. Nitakuja na mashine yangu ninyoe jukwaani, mbele ya watu, bure.

KALAMU YA MENENGAI

@Kinyozi, nimefurahi kuliko unavyodhani, na tukio hilo naliandika leo. Ila tuna maonyesho mengi na kuruta ana kichwa kimoja. Ukimnyoa Nakuru Ijumaa, Kisumu wiki ya pili utanyoa nini?

NYAR KIBUYE

Wigi ninazo gunia zima. Kuruta anyolewe kabisa nyumbani, apande jukwaani na wigi, Kinyozi awe ananyoa wigi. Kila onyesho wigi moja, za rangi ya kahawia nawapa kwa bei ya kununua. Nitumieni kipimo cha kichwa.